Vitabu vya maktaba yetu vimejifunga vyenyewe. Sasa hadithi za bibi zetu tuzitoe kwa leseni gani?

#1 Maktaba_Kibokoni

Asalaam alaikum, na wengine wote hamjambo.

Naandika kutoka Mji wa Kale, Mombasa. Hapa Kibokoni tuna chumba kimoja cha watoto kusomea: mkeka, rafu mbili za vitabu, na tableti kumi na mbili tulizonunuliwa na wahisani. Alasiri watoto wakitoka madrasa hupitia kwetu, wakasoma mpaka Magharibi inapokaribia.

Wiki tatu zilizopita, siku ya Jumatatu, mtoto wa darasa la tatu alinijia na tableti mkononi akaniuliza, "Mwalimu, kitabu changu kina nini?" Nikaitazama. Majalada yote yamegeuka kijivu na kila moja limewekewa kikufuli kidogo pembeni. Ukiligusa linakwambia leseni imekwisha muda wake, unganisha intaneti. Nikawasha simu yangu, nikatoa bando langu, nikaunganisha tableti moja baada ya nyingine. Wapi! Kumbe kampuni iliyotuuzia programu ile ya kusomea imefunga kazi na seva imezimwa. Vitabu vyenyewe bado vimo ndani ya tableti, hata nafasi vinakula, lakini ufunguo ulikuwa kwao na wameondoka nao. Vitabu 64, vyote vya kulipiwa. Yule mtoto alikuwa amebakisha kurasa nne.

Siku hiyo hiyo, kwenye tableti hizo hizo, hadithi tulizopakua African Storybook, tovuti ya hadithi za watoto, zilifunguka kama kawaida. Zile ni faili za PDF tu, zimetolewa kwa leseni huria ya Creative Commons. Tumezichapa saiba pale Makadara, tukazishona kwa sindano na uzi, na moja tumeigeuza kwa Kimvita kwa sababu watoto walikuwa wakiichekea lugha yake. Hatukuhitaji kumwomba mtu ruhusa, maana ruhusa imeandikwa mwishoni mwa kitabu.

Sasa lililonileta. Kwa miaka miwili tumekuwa tukirekodi hadithi, vitendawili na nyimbo za kubembelezea watoto kutoka kwa bibi zetu. Kwa jumla zimefika 41, zimeandikwa na kusahihishwa. Kampuni moja imetuletea mkataba, inataka kuzitia kwenye programu yake ya kulipia. Kwenye ukurasa wa tatu nimekuta maneno "hatua za kiufundi za ulinzi", yaani kufuli kama lile. Moyo ukanilipuka, nikaiona ile Jumatatu upya.

Mimi nataka leseni huria. Wenzangu kwenye kikundi wananiuliza: ukiziachia huria, si ndiyo watazichukua bure kisha wazifunge? Nimekosa la kuwajibu. Mwenye kujua atufahamishe.

#2 Mtoto_wa_Kisauni

Pole sana dadangu. Kurasa nne! Mwambie kuna mtu Kisauni amemwombea kitabu kirudi.

#3 FundiBiashara

Hilo la kikufuli nakutana nalo kila siku kibandani kwangu, Biashara Street, kwa sura tofauti. Wakati wa DVD watu walikuwa wakinijia na sanduku la diski aliloleta mjomba kutoka Dubai. Hapa Kenya tumepangiwa kanda namba 5, Ghuba na Uingereza ni namba 2. Diski ni halali, imelipiwa, haina hata mkwaruzo, na deki inaitema. Mteja anadhani deki imeharibika. Nikimweleza kwamba kuna mtu ameketi mahali akaugawa ulimwengu mafungu ili filamu aliyonunua mjombake isichezeke Mombasa, ananitazama kama namdanganya.

Kufuli la DVD lilivunjwa mwaka 1999. Mmoja wa waliolivunja alikuwa kijana wa Norway, Jon Lech Johansen, wakati huo ana miaka 15. Alitaka kutazama diski zake kwenye kompyuta yenye mfumo huria wa Linux, ambayo haikuwa na programu yenye ruhusa ya kuzicheza. Wakampeleka mahakamani. Mwaka 2003 akaachiwa, na rufaa pia akashinda.

Kwa hiyo dada, jibu la haraka la wenzako: mtu akikuuzia faili wazi, hata akifilisika kesho, faili ni yako. Mambo ya sheria nawaachia wenye sheria.

(Na zile simu za mkopo zinazojifunga mtu akikosa kulipa? Hizo naletewa tano kwa siku.)

#4 Wakili_Tononoka

Fundi, simu ya mkopo ni habari ya deni. Tusiichanganye na hili, hapa tunazungumzia hakimiliki.

Dada Maktaba, kwanza tenganisha vitu viwili. Hakimiliki ni sheria, na sheria ina mipaka yake. Hapa Kenya hakimiliki ya kitabu hudumu uhai wa mwandishi na miaka 50 baada ya kufa kwake, kisha kitabu ni cha wote. Na hata kabla ya hapo umeachiwa nafasi, kwa mfano kunukuu au kutumia kwa utafiti wako. Kufuli la kidijitali, hilo wanaloliita DRM, halijui lolote katika hayo. Halijui mwandishi amekufa lini, halijui wewe ni mwalimu, halijui kwamba umelipa na aliyekuuzia ameshafunga duka. Linajua ufunguo tu.

Kisha sheria yenyewe ikaja kulilinda kufuli. Mkataba wa WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la haki miliki, wa mwaka 1996 uliyataka mataifa yafanye hivyo, Marekani ikatunga sheria yake mwaka 1998, na sisi tumo: Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, kifungu cha 35, inamhesabu anayekwepa kinga ya kiufundi, yaani kufuli hilo, kuwa amekiuka hakimiliki. Ndiyo maana nakusihi usiwahi kumpa fundi tableti zile azivunje, hata kama roho inauma na risiti unazo. Kaa kwanza na wakili azitazame karatasi zenu.

Leseni huria haivunji kufuli la mtu mwingine. Vitabu vile 64 haitavirudisha. Kazi yake ni mbele ya safari, kwa yale mliyoyatunga na kuyakusanya nyinyi. Mwenye hakimiliki anaitumia hakimiliki ile ile kusema: chukueni, nakilini, geuzeni, lakini msimfungie atakayekuja baada yenu. Creative Commons toleo la 4.0, la mwaka 2013, lina maneno mawili kuhusu hili na ningependa wenzako wayasome kwa macho yao. La kwanza: anayeipokea kazi haruhusiwi kuitia kinga ya kiufundi ikiwa itamzuia mwingine kutumia haki alizopewa. La pili: mwenye kazi anaahidi hatamzuia mtu kufanya marekebisho ya kiufundi yanayohitajika ili azitumie haki hizo, hata kama ni kulikwepa kufuli. Kampuni ikizichukua hadithi zenu bure ikazifunga, imevunja leseni na haki zake zinakoma hapo hapo. Ikirekebisha ndani ya siku 30 tangu ijue kosa lake, zinairudia.

Angalieni herufi lakini. Mkitumia BY peke yake, yaani sharti la kutaja jina la mwenye kazi tu, marufuku ya kufuli inashika kazi yenu kama mlivyoitoa. Mtu akiigeuza, tuseme akaifanya katuni, ile katuni anaweza kuitoa kwa masharti yake. Mkiongeza SA, sharti linaifuata hata kazi iliyogeuzwa: aliyeigeuza ni lazima aitoe kwa leseni kama hiyo, na hatakiwi kuitia kufuli. Na CC0 msiiguse kwa jambo hili. Hiyo ni kujivua kila kitu, hakuna sharti linalobaki la kumshika mtu.

Jambo la mwisho, na ndilo linalonitia hofu. Leseni inambana anayepokea. Haimbani mwenye kazi. Nyinyi mkitoa hadithi kwa BY-SA leo, kesho mkasaini mkataba wa pembeni na kampuni ukiwaruhusu kufunga nakala yao, wamepita mlangoni kwa ridhaa yenu. Ukurasa ule wa tatu msiusaini.

#5 Malenga_Majengo

Nimesoma yote. Wanangu, nami nina langu.

Natunga mashairi mwaka wa thelathini huu. Diwani yangu ya kwanza ilitolewa fotokopi ikauzwa Mwembe Tayari, bei nusu ya niliyoiweka mimi, na jina langu likakatwa kwenye jalada. Nilisimama mbele ya meza ile nikakishika kitabu changu mwenyewe, muuzaji akaniambia "Mzee, hicho kizuri, chukua." Kwa hiyo mtu akinijia na neno huria, mimi kwanza namuuliza: wewe mlo wako watoka wapi?

Diwani ya pili nikakubali itoke kwenye simu, tena kwa kufuli, nikiamini nimepata dawa. Niwaambie yaliyotokea. Binti yangu yuko Doha. Akainunua siku ya kwanza kwa furaha. Baada ya miezi sita akabadilisha simu, mashairi ya babake hayafunguki, na mwenye duka anamwambia anunue tena. Na Mwembe Tayari? Mtu alipiga picha kioo cha simu ukurasa kwa ukurasa akachapa. Aliyelipa ndiye aliyefungiwa nje. Aliyeiba hakuhisi kitu.

Sijui basi niseme nini. Kufuli silitaki tena. Lakini na kazi yangu siiachii bure.

#6 FundiBiashara

Mzee wangu, si lazima uchague kati ya hayo mawili. Unaweza kushika hakimiliki yako yote, "haki zote zimehifadhiwa" mpaka nukta ya mwisho, na bado ukauza faili isiyo na kufuli. Tor, wachapishaji wakubwa wa riwaya za sayansi, waliondoa makufuli kwenye vitabu vyao vya kidijitali mwaka 2012 na wanaendelea kuuza. Apple nao walimaliza kuyaondoa kwenye nyimbo za duka lao mwaka 2009. Hawakugawa bure. Waliacha tu kumfungia mteja.

Diwani yako iuze wazi, binti yako aifungue kwenye simu yoyote. Mwizi tunamfuata kwa hakimiliki.

#7 Sauti_Likoni

Naomba na mimi nisikilizwe, maana mnazungumzia kitu kinachonigusa kila siku.

Sioni tangu nikiwa na miaka tisa. Nasoma kwa masikio. Kwenye kompyuta natumia NVDA, kisoma-skrini kilichoanzishwa Australia na watu wawili wasioona, nacho ni cha bure na huria. Sauti yake ya Kiswahili inatoka kwenye eSpeak NG, programu ya kutamka maandishi, nayo huria pia. Ni sauti kavu, inatamka kama bati, lakini ni Kiswahili, na ipo kwa sababu mtu yeyote aliyetaka lugha yake iwemo aliruhusiwa kuongeza kanuni za matamshi. Hakuna kampuni ambayo ingeketi ikapiga hesabu ikaona faida kunitengenezea mimi sauti ya Kiswahili.

Kitabu chenye kufuli kwangu hunyamaza. Nakifungua, nasikia jina la kitabu, kisha "ukurasa", kisha kimya. Maandishi yamo, macho ya mwenzangu yanayaona, lakini programu imekataza kitu kingine chochote kuyagusa, na kisoma-skrini changu kwake ni mwizi kama mwizi mwingine. Mwaka 2009 Amazon walitoa Kindle, kifaa chao cha kusomea vitabu, inayosoma kwa sauti. Chama cha waandishi Marekani kikalalamika, na wachapishaji wakapewa uwezo wa kuizima sauti hiyo kitabu kwa kitabu. Nilipolisoma hilo nilikaa nalo siku nzima. Kitabu umekinunua, kina mdomo, na mtu anakiziba.

Mwalimu wa Kibokoni, hadithi zako zikitoka wazi mimi nitazisoma siku hiyo hiyo. Zikitoka kwa kufuli nitangoja mtu mwenye macho na muda. Nimengoja sana maishani.

#8 Wakili_Tononoka

Ndugu Sauti, sheria iko upande wako kuliko wengi wanavyojua. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013 uliandikwa kwa ajili ya wasioona na wote ambao maandishi ya kawaida hayasomeki kwao. Unaruhusu kutengeneza nakala mnayoweza kuisoma bila kumwomba mwenye hakimiliki, na unazitaka nchi zihakikishe kinga za kiufundi hazigeuki kikwazo. Kenya ilijiunga mwaka 2017, na marekebisho ya sheria yetu ya mwaka 2019 yakauingiza ndani. Lakini kati ya kuwa na haki na kukifungua kitabu usiku huu nyumbani kwako, nakubali, kuna safari. Faili wazi inaifuta safari hiyo.

#9 Nahodha_wa_Kodi

Kwa wanaoandika programu: hoja hii hii imo kwenye GPL, leseni huria ya programu, toleo la tatu, lililotoka 29 Juni 2007. Kilichoichochea ni kisanduku cha kurekodi televisheni kilichoitwa TiVo. Ndani kilitumia Linux, na msimbo wake waliutoa kama leseni ilivyodai. Lakini ukiubadilisha ukaurudisha kisandukuni, kisanduku kinakagua sahihi, hakiioni, kinakataa kufanya kazi. Uhuru kwenye karatasi, kufuli kwenye chuma. Toleo la tatu likasema kifaa cha nyumbani kikiuzwa na programu hii, mnunuzi apewe na maelezo ya kusimika aliyoibadilisha. Pia linasema programu iliyo chini yake isihesabiwe kamwe kuwa kinga ya kiufundi inayolindwa na sheria kama ile ya Marekani.

Haikumridhisha kila mtu. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliibakisha kwenye toleo la pili mpaka leo, na kwa maoni yangu ndiyo sababu moja ya simu tulizonazo mkononi kujaa programu huria tusizoweza kuzigusa.

#10 Malenga_Majengo

Nimelala nalo jambo hili.

Muyaka bin Haji alikufa yapata mwaka 1840. Diwani yake ilichapishwa 1940. Hiyo miaka mia ya katikati nani alikuwa mlinzi wake? Watu wa Mvita walioyajua kwa moyo, na Mwalimu Sikujua aliyeyaandika na kuyafafanua, na Mwingereza Taylor akayapokea kwake akayahifadhi. Kila mmoja alinakili. Hakuna aliyekuwa na ufunguo ambao angeweza kufa nao.

Bibi yangu alikuwa akiniimbia beti za Muyaka akichambua mchele. Hakujua kusoma.

Mwanangu wa Kibokoni, hadithi za wazee zitoe huria. Na diwani yangu ya kwanza, ile ya Mwembe Tayari, nakuletea uiweke pamoja nazo kwa leseni hiyo hiyo ya BY-SA. Ile ya pili nitaiuza bila kufuli, kama fundi alivyosema. Binti yangu nimeshamtumia yake.

#11 Maktaba_Kibokoni

Mzee wangu, nimesoma nikalia. Ahsante.

Tulikutana jana baada ya Alasiri, sisi kikundi na bibi wanane kati ya wale kumi na mmoja waliotupa hadithi. Niliwasomea aliyoyaandika wakili, kwa maneno mepesi. Wakili aliniambia pia faraghani kwamba kuna sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa na sanaa za jadi, kwa hiyo ridhaa ya wenyewe haiwezi kurukwa. Ni vyema tuliuliza. Bibi mmoja alisema nyimbo mbili tulizorekodi ni za ndani, za wanawake na mwali, haziendi kwenye simu za watu. Mwingine akasema ya kwake itoke, ila jina la marehemu mamake litajwe, maana ndiye aliyemfundisha. Tumeziondoa zile mbili, na jina la mama tumelitia. Zimebaki 39, na zote zitatoka kwa BY-SA. Majina ya bibi yanatangulia, la kikundi linafuata.

Kuhusu ukurasa wa tatu: tumewaandikia kwamba wakaribishwe kuzitumia na hata kuzilipisha, lakini nakala yao isiwe na kufuli na majina ya bibi yakae. Mkataba wa pembeni hatusaini. Hawajajibu. Bibi mmoja aliuliza, "Wakikataa?" Mwenzake akamwambia, "Watoto si wako hapo nje wanangoja?"

Faili ziko tayari kwa PDF na kwa maandishi matupu. Ndugu Sauti, nitakuwa kwenye feri Jumamosi saa nne asubuhi, upande wa kisiwani, na flashi. Kwenye flashi hiyo nimekutilia na Wikipedia ya Kiswahili nzima kupitia Kiwix, inasomeka bila bando. Nayo ni BY-SA, ndiyo maana inabebeka mfukoni.

#12 Mtoto_wa_Kisauni

Na yule mtoto wa kurasa nne?

#13 Maktaba_Kibokoni

Kitabu kile nimekipata cha karatasi kwa muuza vitabu, kimechanika jalada. Amemaliza. Anasema mwisho wake hakuupenda.

#14 Sauti_Likoni

Nimezipokea, Mwalimu. Tangu Jumamosi nimesikiliza kumi na saba, tatu nikiwa kwenye foleni ya feri. Hadithi ya sungura na mvuvi nimeirudia mara mbili kwa sababu bibi aliyeisimulia anazungumza kama marehemu nyanyangu wa Mtongwe.

Jambo moja. Kwenye hadithi ya kumi na mbili mmeandika "ngombe" bila kibainishi, mara sita, na sauti yangu inaitamka vibaya, mpaka ng'ombe mwenyewe nilimpoteza. Nimezirekebisha zote sita, pamoja na "ngambo" moja kwenye hadithi ya ishirini. Faili nimeiambatisha hapa, pakueni.